Krokasi ipi huwahi kuchanua, na ipi hudumu?

Swali: Nina bustani yenye sehemu tatu: kipande cha nyasi, kitalu chini ya mti unaopukutisha majani, na ukingo mkavu kando ya ukuta unaopata jua. Mwaka juzi nilipanda kwenye nyasi krokasi kubwa za Kiholanzi, yale maua mafupi ya matunguu yanayochanua baridi ikielekea kuisha. Msimu wa kwanza zilipendeza, msimu wa pili nikaambulia majani tu. Sasa nataka zile ndogo zinazotangulia. Majina niliyokutana nayo ni matatu: tommasinianus, chrysanthus na sieberi. Ipi huchanua kwanza, ipi itadumu, na je, ninaweza kuvuna zafarani humo?

Jibu: Nianze na zafarani, maana jibu lake ni fupi: huwezi. Zafarani hutoka kwenye Crocus sativus peke yake, na mmea huo huchanua wakati majani ya miti yanapukutika, si mwishoni mwa baridi. Una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo ni tasa, hautoi mbegu. Binadamu ndiye aliyeuzidisha karne nenda karne rudi kwa kugawa matunguu. Zafarani ni nyuzi za katikati ya ua zilizokaushwa, na gramu moja hutaka maua kama 150. Krokasi zako za mapema nazo zina nyuzi za katikati, lakini ni fupi, nyingi zina rangi ya chungwa, na jikoni hazina kazi. Kama siku moja utaamua kupanda sativus, jihadhari na kolchikumu, ua linalofanana nayo na kuchanua majira yaleyale. Kolchikumu ina sumu inayoua. Fungua ua uhesabu stameni, yaani vijiti vyenye chavua: krokasi ina tatu, kolchikumu ina sita.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Miezi nitakayoitaja ni ya Kizio cha Kaskazini. Aliye kusini aongeze sita.

Hizo tatu ulizozitaja zote huchanua takriban majuma yaleyale, kwa kawaida Februari, na baridi ikiwa nyepesi huanza Januari mwishoni. Sieberi na tommasinianus mara nyingi hutangulia kidogo, chrysanthus hufuata kwa karibu. Zile kubwa za Kiholanzi, ambazo ni aina za Crocus vernus, huja baadaye, Machi. Lakini tofauti ya tarehe kati ya hizo tatu ni ndogo kuliko tofauti kati ya tunguu lililopandwa chini ya ukuta wenye jua na ndugu yake aliyepandwa upande wa kivuli. Ukitaka ua la kwanza kabisa, anza kwa kuchagua mahali, jina lije baadaye. Na ukitaka ua litakaloonekana tena mwaka wa tano, angalia mahali hapo pakoje wakati wa joto, mmea ukiwa umelala na wewe umeshausahau. Watu wengi huchagua krokasi kwa picha ya Februari, ilhali mwezi unaoamua kama itabaki ni Julai.

Ili jambo hili lieleweke, fuata safari ya tunguu kwa mwaka mmoja. Tunguu la krokasi si la tabaka kama kitunguu. Ni shina lililonenepa, ukilikata ni gumu na jeupe ndani kote. Linapochanua hutumia akiba yake na kusinyaa. Juu yake linajengwa jipya, na chakula cha kulijenga hutoka kwenye majani, hasa baada ya maua kuanguka. Majani yakishakuwa manjano, tunguu jipya hulala ardhini, na ndani ya usingizi huo wa kiangazi ndipo chipukizi la ua la mwaka ujao hufanyika. Maana yake ni kwamba tunguu ulilonunua Septemba lilifika kwako likiwa tayari na ua ndani. Ua la mwaka wa kwanza ni kazi ya shamba la muuzaji na ghala lake. La mwaka wa pili ni kazi ya majani yaliyoota kwako.

Hapo ndipo nadhani krokasi zako za Kiholanzi zilipopotelea. Kwa kuwa huchelewa kuchanua, majani yao huchelewa vilevile kuiva, na kwenye nyasi wakati huo mashine ya kukata imeshatolewa stoo. Ukikata Aprili umekata akiba ya mwaka mzima. Tunguu jipya linabaki dogo kama punje ya njegere, na tunguu dogo hutoa majani bila ua. Acha majani majuma kama sita baada ya maua, au mpaka yaanze kugeuka manjano yenyewe. Usiyafunge mafundo na usiyasuke ili bustani ionekane nadhifu, kwa sababu jani lililokunjwa halipati jua. Ikiwa hukukata mapema, basi shuku kivuli, au matunguu yaliyopandwa juujuu. Tunguu lililo karibu na uso wa udongo hupenda kugawanyika kuwa vitoto vingi vidogo, na kila kimoja huhitaji mwaka au miwili kabla ya kuchanua.

Turudi kwa hizo tatu, moja baada ya nyingine.

Crocus tommasinianus ni ya misitu na vilima vyenye kivuli chepesi vya Balkani, kutoka kusini mwa Hungaria mpaka Serbia na Montenegro. William Herbert aliipa jina hilo mwaka 1847 kwa heshima ya Muzio de Tommasini, mtaalamu wa mimea aliyekuwa pia meya wa Trieste. Usiidharau kabla haijafunguka. Siku ya mawingu ni kijiti chembamba cha kijivu chenye kung'aa kidogo kama fedha, juu ya mrija mweupe, na unaweza kupita hatua mbili kando yake usiione. Jua likiipiga, petali sita zinajitandaza na ndani kuna zambarau nyepesi na stameni za rangi ya chungwa. Ukingo uliokuwa mtupu asubuhi unakuwa zulia saa sita mchana. Udhaifu wake ni mwili. Krokasi haina shina la ua juu ya ardhi: ovari, sehemu inayotengeneza mbegu, iko chini kwenye udongo, na kile unachodhani ni kikonyo ni mrija wa petali zenyewe. Katika tommasinianus mrija huo ni mrefu na laini, hivyo mvua moja nzito huilaza chini yote. Ila haikosi warithi, kwa sababu hujipanda kwa mbegu bila kukuomba ruhusa. Vifuko vya mbegu huchomoza usawa wa ardhi mwishoni mwa majira ya kuchipua, hupasuka, na miche huchanua baada ya miaka mitatu hivi. Katika kitalu chenye mimea midogo adimu inaweza kuwa kero. Chini ya mti ni baraka. Na kwa kuwa asili yake ni msituni, haidai kiangazi kikavu sana. Huvumilia udongo wenye unyevu kiasi, jambo ambalo krokasi nyingi hazikubali.

Zipo aina zake zilizochaguliwa, kama 'Whitewell Purple' na 'Barr's Purple', zenye rangi nzito zaidi. 'Ruby Giant' ina maua makubwa na ya zambarau iliyokolea, ila haitoi mbegu. Huongezeka kwa matunguu tu. Kama unaogopa miche ya kila mahali, hiyo ndiyo yako. Kama unataka zulia, nunua ile ya kawaida isiyo na jina la mapambo, ambayo kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko dada zake wote.

Crocus chrysanthus hutoka Balkani na Uturuki, kwenye miteremko ya wazi. Asili yake ni ya manjano, yenye harufu ya asali ambayo huipati mpaka upige magoti. Zinazouzwa kwa jina hili leo nyingi ni chotara kati yake na krokasi nyingine, C. biflorus (C. ni kifupi cha Crocus), na ndiyo maana rangi ni nyingi: maziwa, samawati, nyeupe, shaba, na michirizi ya kila aina nje ya petali. Mwingereza E. A. Bowles (1865–1954) aliotesha mbegu zake katika bustani yake ya Myddelton House, akaipa baadhi ya miche iliyotokea majina ya ndege. 'Snow Bunting' nyeupe ni mmojawapo na bado inauzwa. Baadaye kampuni ya Van Tubergen ya Haarlem, Uholanzi, ikaendeleza kazi hiyo. Kwangu 'Cream Beauty' haina mpinzani. Ua la chrysanthus ni la mviringo, fupi, limekaa karibu na ardhi, na hustahimili upepo na mvua kuliko tommasinianus. Kila tunguu hutoa maua kadhaa yanayofuatana, kwa hiyo onyesho hudumu muda mrefu kidogo. Linachotaka ni jua na udongo usiotuamisha maji. Kwenye nyasi nzito zenye unyevu hupungua mwaka hadi mwaka.

Crocus sieberi ndiyo yenye kisa kizuri zaidi. Kwa maana kali ya kibotania ni mmea wa milima ya Krete, unaochanua pembezoni mwa theluji inayoyeyuka. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni jamaa zake wa Ugiriki bara, ambao wataalamu sasa huwatenga kama C. atticus na C. sublimis, lakini lebo za maduka hazijali. Mmea wa aina hii huko mlimani hukaa chini ya theluji ukiwa umeshajiandaa kabisa, ukisubiri kifuniko kiondoke tu. Uuhamishie bustani ya bondeni, ambako theluji ni haba au hakuna, nao unasoma kwamba theluji imeshayeyuka, unachomoza. Mlimani huchanua majira ya kuchipua yakiwa yameshakomaa. Bondeni Januari mwishoni au Februari. Uwahi wake, basi, ni matokeo ya kuhamishwa. 'Tricolor' ina koo la manjano nzito, kisha mkanda mweupe, kisha urujuani, na mipaka imenyooka kana kwamba imechorwa kwa rula. 'Firefly' ni nyepesi zaidi na rahisi kuishi nayo. Zote mbili zinataka udongo unaopitisha maji vizuri, lakini hazidekezi.

Kuna jambo moja watu hulilaumu kwa mmea ilhali si kosa lake: maua kukataa kufunguka. Joto likipanda, upande wa ndani wa petali hukua haraka kuliko wa nje, ua likafunguka. Likishuka, upande wa nje nao hukua na kulifunga. Krokasi huhisi mabadiliko madogo mno, hata yasiyofika nyuzi 1 ya Selsiasi. Ukipanda mahali ambapo jua la mchana wa Februari halifiki, kwa mfano nyuma ya uzio wa miti isiyopukutika, utakuwa na vijiti vilivyofungwa mpaka vinyauke. Na nyuki wakubwa wenye manyoya, wale malkia wanaotoka usingizini mapema wakitafuta chavua, hawataingia ua lililofungwa.

Kabla hujapanda, lishike tunguu mkononi. Ganda lake ni kitambulisho bora kuliko lebo. La chrysanthus huachia kwa pete zilizokatika chini, laini kama karatasi ngumu. La sieberi lina nyuzi zilizofumwa wavu. La tommasinianus lina nyuzi nyembamba sana zinazoshuka sambamba, karibu kama manyoya. Ukinunua mfuko wa sieberi ukakuta pete, umepewa kitu kingine, na ni heri ujue Septemba kuliko Februari.

Panda Septemba au Oktoba, kina cha sentimita 8 hadi 10, nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati yao. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, changanya changarawe ndogo katika eneo zima la kitalu. Ukiweka changarawe ndani ya shimo dogo tu, umechimba bakuli la kukusanya maji. Ukikosea kina kidogo usihangaike: krokasi ina mizizi maalumu inayojikunja na kulivuta tunguu chini taratibu. Mbolea yenye naitrojeni nyingi usiikaribishe. Itakupa majani na ukungu.

Ukitaka kuzilinganisha kwa haki, na nadhani unataka, panda kumi kumi za kila aina, siku moja, kina kimoja, katika ukingo mmoja wenye jua sawa. Andika tarehe ya ua la kwanza kufunguka, si kuchomoza, na tarehe ya la mwisho kulala. Halafu matokeo ya mwaka wa kwanza yaweke kando. Kama nilivyoeleza, yanakuambia habari za shamba lilikotoka na jinsi lilivyohifadhiwa. Tunguu lililokaa ghalani penye joto huchelewa, na lililopandwa Novemba huchelewa zaidi. Kuanzia mwaka wa pili ndipo daftari lako linaanza kusema kweli kuhusu bustani yako. Hesabu pia maua, kwa sababu aina inayotoka ya kwanza kwa ua moja na kupungua kila mwaka haijakushindia chochote.

Kama kuwahi ndiko kunakokusisimua, tazama nje ya hizo tatu. C. laevigatus ya Ugiriki huanza kabla ya mwaka mpya na kuendelea Januari, ina harufu nzuri, na ganda lake ni gumu laini kama la kokwa. C. imperati ya kusini mwa Italia, iliyopewa jina la Ferrante Imperato, mfamasia wa Napoli, ni kinyonga: ikifungwa ni rangi ya ngozi mbichi yenye michirizi myeusi ya zambarau, ikifunguka ni urujuani mtupu. Hizi mbili zinafaa ukuta wako. C. ancyrensis ya Uturuki ni ndogo, ya manjano-chungwa, hutoa maua mengi kwa tunguu moja, na bei yake huwa ya kawaida. C. korolkowii ya Asia ya Kati huwahi na kung'aa kama iliyopakwa vanishi, lakini hudai kiangazi kikavu kabisa. Bila chungu unachoweza kukificha mvua, usijisumbue nayo.

Wanyama. Kindi na panya hufukua matunguu, hasa majuma ya kwanza udongo ukiwa bado umelegea. Laza wavu wa waya juu ya kitalu, uufukie kidogo, majani yatapenya. Wengi husema kindi huiacha tommasinianus. Mimi nimeona hivyo pia, ila siiwekei dhamana. Shomoro nao huchana maua, na sijui kwa nini huchagua ya manjano kwanza. Ukiwa na shomoro wengi, punguza manjano, au panda karibu na njia watu wanapopita.

Kwa sehemu zako tatu, basi, ningefanya hivi. Chini ya mti, tommasinianus ya kawaida, nyingi uwezavyo, kisha usiiguse. Kwenye nyasi, tommasinianus tena, pamoja na 'Ruby Giant' ukitaka rangi nzito. Kwa kuwa hutangulia, majani yao yatakuwa yameiva karibu Mei na hutalazimika kuvumilia nyasi ndefu kwa muda mrefu. Chrysanthus na sieberi ziende ukutani, ambako udongo hukauka wakati wa joto. Zipange kwa vikundi. Ukichanganya 'Cream Beauty' na 'Tricolor' shimo moja, rangi zitauana.

Zile za Kiholanzi usizitupe bado. Mwaka huu acha majani yake yanyauke yenyewe, chimbua mwezi wa Juni, ukaushe matunguu kivulini penye hewa, uyatenge. Makubwa yarudi ardhini Septemba, kwa kina kamili safari hii, pembeni mwa nyasi ambako mashine haifiki. Madogo yaweke kwenye kitalu cha pembeni yanenepe. Kabla ya hayo yote, Machi, yapitie maua machache yatakayotokea: lenye petali zilizojikunja au madoa ya rangi yaliyovunjika ovyo lina virusi, na hicho hakina dawa. Ling'oe pamoja na tunguu lake ulichome, usilitie kwenye mboji.